Namna ya Kukagua Gari la Spoti la Zamani Kabla ya Kulinunua

Gari la spoti lililotoka kiwandani miaka 15 au 20 iliyopita linaweza kuuzwa leo kwa bei inayokaribiana na ya gari dogo la kawaida, na hapo ndipo wanunuzi wengi wanaponasa. Kilichoshuka ni bei ya gari tu. Bei ya vipuri vyake na ya saa za fundi anayelifahamu haikushuka, na kwa baadhi ya matoleo imepanda kwa kuwa vipuri vingine havitengenezwi tena. Mmiliki wa tatu au wa nne, aliyelipata kwa bei nafuu, mara nyingi hana uwezo wa kulihudumia kama alivyolihudumia mmiliki wa kwanza, kwa hiyo huahirisha: klachi itabadilishwa mwakani, bushi zitasubiri, mkanda wa taimingi (unaoratibu mwendo wa valvu na pistoni) unaonekana bado mzima. Madeni hayo yote hukabidhiwa mnunuzi pamoja na funguo. Lengo la ukaguzi unaoelezwa hapa ni kuyafahamu mapema, kutenganisha yanayolipika na yale yanayolifanya gari lisifae kununuliwa, na kuyaweka mezani kabla ya kupatana bei.

Hatua ya kwanza: Fahamu udhaifu wa toleo unalolitaka

Karibu kila gari la spoti lina udhaifu wake wa kuzaliwa nao, ambao mafundi wanaolishughulikia wanaujua vizuri. Ujue kabla ya kwenda kulitazama gari, kwa sababu ndio utakaokuambia utazame wapi kwanza na uulize nini.

Porsche Boxster ya kwanza, iliyoingia sokoni mwaka 1996, pamoja na 911 ya kizazi kinachojulikana kama 996, zina shafti ya kati ndani ya injini inayoshikiliwa na beringi. Beringi hiyo ikivunjika, shafti huyumba, cheni za taimingi hupoteza mpangilio wake, valvu na pistoni hugongana, na injini huwa haitengenezeki kwa gharama inayokubalika. Muuzaji anapaswa kuulizwa kama imewahi kubadilishwa, lini, na stakabadhi ya kazi hiyo iko wapi. Hata hivyo, 911 Turbo na GT3 za kizazi hicho hicho zilifungwa injini ya ukoo mwingine isiyo na tatizo hilo, kwa hiyo magari mawili yanayofanana kwa umbo yanahitaji maswali tofauti kabisa.

Kwa BMW M3 ya kizazi cha E46, iliyotengenezwa kati ya mwaka 2000 na 2006, mnunuzi aanzie kwenye bodi kabla ya injini. Sakafu ya nyuma, pale inapofungwa fremu inayobeba difu (gia zinazogawa nguvu kwa matairi) na saspensheni, hupasuka taratibu kutokana na nguvu zinazoivuta kila gari linapoondoka kwa kasi. Ufa huo hauonekani ukiwa umesimama kando ya gari. Ni lazima linyanyuliwe, na wakati mwingine fremu yenyewe ishushwe. Kuutengeneza ni kazi ya kukata, kuchomelea na kuongeza mabamba ya kuimarisha, wala si ya kukaza bolti. Baada ya hapo ndipo uulize habari za beringi za konrodi (mikono inayounganisha pistoni na shafti kuu ya injini), kwa kuwa injini ya gari hilo inajulikana kwa kuzimaliza.

Mazda RX-8, iliyouzwa kuanzia mwaka 2003 hadi 2012, haina pistoni kabisa. Ina rota mbili za pembetatu zinazozunguka, na sili zilizo kwenye ncha za rota hizo zikichakaa, kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya injini) hushuka. Dalili yake maarufu ni gari kuwaka vizuri asubuhi likiwa baridi, kisha kusumbua kuwaka dakika chache baada ya kuzimwa likiwa moto. Kipimo cha kawaida cha kompresheni hakiisomi injini hiyo ipasavyo, kwa sababu kila rota ina nyuso tatu na kila uso unatakiwa kupimwa peke yake. Fundi asiye na kifaa chake maalumu hawezi kukupa jibu la kuaminika. Zaidi ya hayo, injini ya rota imeundwa kuchoma oili kidogo kwa makusudi ili sili zake zipate ulainisho. Muuzaji wa RX-8 anayejisifu kwamba hajawahi kuongeza oili kati ya huduma moja na nyingine, bila kujua, amekupa sababu nzuri ya kuondoka.

Mifano mingine inatosha kutajwa kwa ufupi. Mazda MX-5 za zamani huliwa na kutu kwenye vizingiti vya chini ya milango na ukingoni mwa bodi juu ya matairi ya nyuma, hasa pale mifereji inayotoa maji ya paa la turubai inapoziba. Toyota MR2 iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1999 ina katalaiza ndogo (visafisha moshi) ndani ya manifoldi ya ekzosi ambazo hubomoka, na vumbi lake likivutwa kurudi kwenye silinda hukwaruza kuta zake. Ferrari F355 ya miaka ya 1990 hulazimu injini nzima kushushwa ili mikanda ya taimingi ibadilishwe, kazi ambayo kwa magari mengine humalizika bila injini kutoka mahali pake. Neno moja la muuzaji, kwamba "imebakia mikanda tu", lina uzito tofauti kulingana na gari analolizungumzia.

Hatua ya pili: Soma makaratasi kabla ya kufungua boneti

Kitabu cha huduma na stakabadhi za gereji vina thamani kuliko rangi inayong'aa. Zipange kwa tarehe na ulinganishe kilomita zilizoandikwa kwenye kila moja. Zikirudi nyuma mahali popote, odometa imechezewa. Tafuta kazi kubwa zenye ukomo wa muda, kama vile mkanda wa taimingi, pampu ya maji, na oili ya giaboksi na difu. Mkanda wa mpira huzeeka hata gari lisipotembea, na ndiyo maana watengenezaji huuwekea ukomo wa miaka pamoja na ule wa kilomita.

Kilomita chache zisikulevye. Gari lililosimama miaka sita kwenye banda huwa na sili zilizokauka, petroli iliyooza ndani ya tangi, kalipa za breki zilizoganda na matairi yaliyobonyea upande mmoja. Gari lililotembea kilomita 150,000 likiwa na rekodi kamili ya huduma ni ununuzi wenye busara zaidi kuliko lililotembea 50,000 na hakuna anayejua lilikuwa wapi katikati ya miaka hiyo.

Hatua ya tatu: Ikute injini ikiwa baridi

Hatua hii ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote, na haigharimu chochote. Mwombe muuzaji asiiwashe injini kabla hujafika, na ukifika weka kiganja juu ya boneti kabla mazungumzo hayajawa marefu. Injini iliyokwisha kupashwa moto huficha moshi wa mwanzo, mlio wa cheni na ugumu wa kuwaka, yaani zile dalili hasa ulizozifuata. Ukiikuta ina joto, usigombane na mtu. Sema utarudi siku nyingine asubuhi, na ushikilie msimamo huo.

Kabla ya kuwasha, fungua kifuniko cha oili utazame upande wake wa ndani. Utando mzito wa rangi ya maziwa unaonyesha kwamba maji yamechanganyika na oili. Kwa gari linalokwenda safari fupi fupi kwenye baridi, utando mwembamba unaweza kuwa mvuke tu uliokosa joto la kuutoa, lakini ukiwa mzito, au ukiuona pia kwenye kijiti cha kupimia oili, gasketi ya silinda hedi ishukiwe mara moja. Vuta kijiti hicho, usome kiwango, kisha ukinuse: oili yenye harufu kali ya petroli inaonyesha kwamba mafuta yanapenya kwenye silinda bila kuungua. Fungua rejeta au tangi lake la akiba, kwa sharti kwamba injini bado ni baridi, na uangalie kama maji yana rangi safi ya kulanti (maji maalumu ya kupoza injini). Maji yenye kutu yanaonyesha kwamba mtu aliyajaza ya bomba kwa miaka, na utando wa oili juu yake ni habari mbaya zaidi.

Zungusha macho polepole kwenye injini yote. Minya mipira ya maji kwa vidole. Iliyovimba karibu na klipu au iliyokakamaa inakaribia kupasuka. Injini iliyooshwa ikang'aa siku ya mauzo inastahili kutiliwa shaka kuliko yenye vumbi la kawaida, kwa sababu vumbi ndilo linaloonyesha mahali oili inapovujia. Ukiikuta imeoshwa, panga kuitazama tena baada ya kuendesha gari, wakati oili ya moto imekwisha kupata njia yake ya kutokea.

Sasa fungua swichi bila kuwasha. Taa za onyo za injini, oili, breki na mifuko ya hewa zinapaswa zote kuwaka, kisha zizimike injini ikishaanza kufanya kazi. Taa ambayo haiwaki kabisa swichi inapofunguliwa si ishara ya afya. Huenda balbu yake imetolewa au waya umekatwa ili usiuone ugonjwa uliopo.

Mwache mtu mwingine awashe gari huku wewe umesimama nyuma ya ekzosi. Moshi wa bluu unaotoka kwa sekunde chache kisha ukaisha huashiria sili za valvu zilizochakaa, kwani oili huwa imechuruzika usiku kucha na kuingia kwenye silinda. Moshi wa bluu unaoendelea, na kuzidi unapokanyaga mafuta, unaelekeza kwenye ringi za pistoni. Moshi mweupe mzito wenye harufu tamutamu, usiokoma hata injini inapopata joto, ni kulanti inayoungua, tofauti na mvuke wa kawaida wa asubuhi ambao hupotea haraka. Moshi mweusi ni petroli iliyozidi, na mara nyingi chanzo chake ni sensa au sindano za mafuta, mambo ambayo hayatishi sana.

Sikiliza pia. Mlio wa kukereketa wa sekunde moja au mbili, kabla oili haijafika juu, huweza kuvumilika kwa baadhi ya injini za cheni. Ukiendelea, cheni au kikaza chake kimechoka. Mlio mzito wa kugonga unaotoka chini kabisa ya injini, unaofuata kasi ya mizunguko na kuonekana zaidi unapoachia mafuta kidogo, ni wa beringi za konrodi. Hapo mshukuru muuzaji na umalize ukaguzi. Gari la namna hiyo hununuliwa tu na mtu aliyekwisha kupata injini nyingine au aliyejiandaa kwa ovahoo kamili.

Iache injini ipate joto ikiwa imesimama, kwa dakika 15 hadi 20. Mshale wa joto upande taratibu, utulie, na feni ijiwashe yenyewe kisha ijizime. Magari ya spoti hubanwa na nafasi ndogo chini ya boneti, na yale yenye injini katikati huwa na mabomba marefu ya maji yanayopita chini ya sakafu hadi kwenye rejeta iliyo mbele, kwa hiyo hewa ikibaki ndani ya mabomba hayo injini huweza kuchemsha hata kama rejeta imejaa. Kama kuna kipimo cha presha ya oili, kitazame injini ikiwa moto na imetulia. Mshale unaolala karibu na sifuri ilhali ulikuwa juu wakati wa baridi huonyesha beringi zilizolegea au pampu ya oili iliyochoka.

Hatua ya nne: Lipia vipimo vya gereji

Ukiridhika na uliyoyaona, lipeleke gari kwa fundi unayemchagua wewe, si wa muuzaji. Muuzaji akikataa, amekwisha kukujibu.

Kipimo cha kwanza ni cha kompresheni, ambacho hufanywa plagi zikiwa zimetolewa. Namba kubwa peke yake haitoshi. Kinachotafutwa ni ulingano. Silinda zote zikiwa ndani ya tofauti ya asilimia 10 hivi, hali ni nzuri, na moja ikiachwa nyuma sana na wenzake, kuna uchunguzi wa kufanywa. Hapo ndipo kipimo cha kuvuja hewa kinapohitajika: hewa yenye presha hupulizwa kwenye silinda wakati valvu zote zimefunga, na fundi husikiliza inakotokea. Ikisikika kwenye ekzosi, valvu ya kutolea moshi haifungi. Kwenye njia ya hewa, ni valvu ya kuingizia. Kwenye tundu la oili, ni ringi. Na mapovu yakionekana kwenye rejeta, ni gasketi ya hedi au ufa. Plagi zenyewe zisirudishwe kabla ya kutazamwa, kwa kuwa plagi yenye oili kati ya nyingine zilizo kavu huonyesha silinda yenye matatizo bila kipimo chochote.

Pili, muulize muuzaji kama yuko tayari oili ibadilishwe kwa gharama yako ili filta ya zamani ikatwe. Ni jambo dogo ambalo wachache hulifanya, na kwa injini ghali ningelipendekeza kuliko kipimo kingine chochote. Filta hukatwa kandokando, karatasi yake ya ndani hutolewa, hukamuliwa na kutandazwa kwenye mwanga. Unga mwembamba unaometa kidogo ni wa kawaida kwa injini iliyotembea. Vipande vinavyoonekana kwa jicho si vya kawaida. Pitisha sumaku juu yake: vinavyonaswa ni chuma, na kwa Porsche zilizotajwa hapo juu vinaweza kuwa vya ile beringi, visivyonaswa vyenye rangi ya fedha ni alumini ya pistoni au bodi ya injini, na vyenye wekundu wa shaba hutoka kwenye tabaka la ndani la beringi za krenkishafti (shafti kuu ya injini) na konrodi, yaani lile la juu limekwisha kulika.

Tatu, kompyuta ya gari isomwe. Magari yaliyouzwa Marekani kuanzia mwaka 1996, na yale ya petroli yaliyouzwa Ulaya kuanzia mwaka 2001, yana soketi ya kawaida ya kusomea hitilafu. Usiridhike na jibu kwamba hakuna hitilafu. Kompyuta hizo hujipima zenyewe kwa awamu, na hitilafu zikifutwa, vipimo hivyo hurudi kwenye hali ya kutokamilika hadi gari liendeshwe kwa muda. Kifaa kikionyesha kwamba vipimo vingi havijakamilika, kuna uwezekano mkubwa kwamba mtu alifuta hitilafu, au alichomoa betri, muda mfupi kabla hujafika.

Hatua ya tano: Liendeshe kwa utaratibu

Kwa dakika za mwanzo endesha polepole, redio ikiwa imezimwa na madirisha yakiwa wazi, na mtazame muuzaji anavyolishughulikia gari lake kama ni yeye anayeanza kuliendesha. Anayeivuta injini baridi hadi karibu na mstari mwekundu mbele ya mnunuzi amefanya hivyo mara nyingi akiwa peke yake.

Klachi hupimwa hivi: ukiwa kwenye barabara wazi, ingiza gia ya nne kwa mwendo wa takriban mizunguko 2,000 kwa dakika, kisha kanyaga mafuta hadi mwisho. Mizunguko ikipanda ghafla huku kasi ya gari ikibaki palepale, klachi inateleza. Pedali inayotetemeka au klachi inayoshika kwa kurukaruka inaweza kuonyesha flaiwili (gurudumu zito ambalo klachi hushikia) iliyoharibika, na kwa magari yaliyofungwa flaiwili ya vipande viwili, yenyewe huweza kugharimu kuliko klachi.

Giaboksi ijaribiwe kila gia, kupanda na kushuka. Gia ya pili ndiyo huchoka mapema kwa magari yanayoendeshwa kwa fujo, na Honda S2000 za awali ni mfano mmojawapo wa magari ambayo wanunuzi hulisikiliza hilo. Gia ikikwaruza inapoingizwa haraka ilhali klachi imekanyagwa hadi mwisho, sinkronaiza (kifaa kinacholinganisha kasi za gia kabla hazijashikana) imekwisha. Gia ikiruka yenyewe unapoachia mafuta, tatizo liko ndani zaidi. Ugumu kidogo wakati oili bado ni baridi usikutie hofu, mradi uishe gari likipata joto.

Kuna jambo ambalo halionekani kwa urahisi kwenye magari ya gia za mkono. Dereva anayekusudia kupanda kutoka gia ya tatu kwenda ya nne, akakosea akaingiza ya pili, huilazimisha injini izunguke kupita kiwango chake, na kidhibiti cha mizunguko hakiwezi kuzuia kwa sababu ni matairi yanayoizungusha. Valvu hugusa pistoni na kupinda. Kompyuta za baadhi ya magari ya spoti, zikiwemo za Porsche, huhifadhi rekodi ya matukio hayo pamoja na idadi ya saa ambazo injini ilikuwa imefanya kazi yalipotokea, na fundi mwenye kifaa cha chapa husika anaweza kuisoma. Ni nadra kupata shahidi mkweli kiasi hicho.

Kwa gari lenye turbo, teremka mlima ukiwa umeachia mafuta kabisa, kisha kanyaga tena huku mwenzako akitazama nyuma. Moshi wa bluu hapo unatokana na sili za valvu au za turbo. Mluzi unaopanda pamoja na mizunguko na kugeuka kuwa mlio wa msumeno unaonyesha mapanga ya turbo yanagusa ganda lake.

Difu isikilizwe kwa kuendesha kwa mwendo uliotulia, ukikanyaga na kuachia mafuta. Mvumo unaobadilika kulingana na mafuta ni wa meno ya difu. Mvumo unaobadilika unapokata kona ni wa beringi ya tairi. Kisha zungusha gari polepole kwenye duara dogo, usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho. Mlio wa tak-tak upande wa nje wa kona unatoka kwenye viungo vya ekseli. Difu zinazozuia tairi moja kuteleza huweza kulialia zikiwa na oili isiyofaa, na hilo huponywa mara nyingi kwa kubadilisha oili, kwa hiyo usilitaje kwa muuzaji kama kasoro kubwa.

Breki zikanyagwe kwa nguvu mara kadhaa, mahali salama. Usukani ukitetemeka, diski za mbele zimepinda au zimechakaa vibaya. Gari likivutwa upande mmoja, kalipa mojawapo imeganda.

Hatua ya sita: Linyanyue, utazame chini

Chini ya gari hakudanganyi. Tafuta mikunjo kwenye reli za mbele za chesi, sehemu za kunyanyulia jeki zilizobonyea, alama za kuchomelea ambazo si za kiwandani, na rangi mpya nyeusi iliyopulizwa juu ya kutu. Kifaa cha kupimia unene wa rangi kinasaidia kugundua puti: rangi ya kiwandani kwa kawaida huwa chini ya maikroni 200, na sehemu inayosoma mara kadhaa zaidi ya nyingine ilitengenezwa. Chagua kifaa kinachosoma juu ya alumini pia, kwa sababu magari kama Honda NSX yana bodi ya alumini, na kumbuka kwamba bodi za faiba, kama za Lotus Elise, hazisomeki kwa vifaa hivyo vya kawaida. Huko utatafuta nyufa za buibui kwenye rangi.

Tikisa kila tairi, kwanza kwa kushika juu na chini, kisha kushoto na kulia. Mchezo wa juu na chini huelekeza kwenye beringi au boljointi, na wa kushoto na kulia kwenye tairodi (fimbo inayoligeuza tairi). Bushi zilizopasuka na shokapu zilizolowa oili ni kawaida kwa gari la umri huu, na kwa kuwa hubadilishwa zote kwa pamoja, gharama yake isichukuliwe kuwa ndogo.

Matairi husimulia mengi. Tairi lililoliwa upande wa ndani tu linaonyesha saspensheni iliyoshushwa au kupinda. Namba nne zilizochapwa mwishoni mwa msimbo wa DOT ubavuni hutaja wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Tairi lenye zaidi ya miaka 10 libadilishwe hata kama meno yake yamejaa, kwa sababu raba iliyokakamaa haishiki barabara, na gari lenye nguvu ndilo linaloumbuka mapema. Seti ya matairi manne ya chapa nne tofauti inakupa picha ya jinsi mmiliki alivyolitunza gari.

Umeme wa gari upitie haraka: betri isome takriban volti 12.6 injini ikiwa imezimwa na kati ya 13.8 na 14.5 ikiwa inazunguka, kisha jaribu madirisha, taa, kiyoyozi na paa kama linafunguka. Inua zulia la sakafu uguse chini yake. Ubichi hapo huharibu waya na kompyuta ndogo zinazofichwa chini ya viti.

Hatua ya saba: Yachunguze mabadiliko kwa jicho kali

Magari machache huachwa kama yalivyotoka kiwandani, na mabadiliko si kosa kwa yenyewe. Shokapu bora, pedi nzuri za breki au rejeta kubwa zaidi, zikiwa na stakabadhi, humnufaisha mnunuzi. Hatari iko kwenye presha ya turbo iliyoongezwa bila mafuta kuongezwa sawia, kwa sababu mchanganyiko wenye petroli pungufu huwaka kwa joto kubwa na kulipuka kabla ya wakati wake, na pistoni huvunjika kwenye kingo zinazoshika ringi. Uliza nani aliipanga upya kompyuta ya injini, kwa mafuta ya okteni ipi, na kama kuna karatasi ya vipimo vya mashine ya kupimia nguvu. Jibu la "rafiki yangu alifanya" halitoshi.

Tazama waya. Kazi nzuri hujulikana kwa viunganishi vilivyobanwa vizuri na kufunikwa, na mbaya kwa waya za rangi moja zilizosokotwa na kufungwa utepe. Pia uliza vipuri vya awali viko wapi. Mmiliki aliyevihifadhi kwenye boksi alikuwa na nia ya kulitunza gari. Katalaiza iliyokatwa na kuuzwa itakurudia wewe siku gari litakapotakiwa kupimwa moshi.

Hatua ya nane: Fanya hesabu

Andika kasoro zote kwenye karatasi moja, na mbele ya kila moja weka bei ya kipuri na ya kazi, ukiwa umezipata kwa kuuliza, si kwa kukisia. Matairi, breki, bushi, shokapu na klachi ni vitu vya kuchakaa. Hupunguza bei, lakini havipaswi kulivunja patano. Chesi iliyopinda, kutu iliyofika kwenye sehemu zinazobeba saspensheni, mlio wa kugonga wa chini ya injini, kompresheni isiyolingana na maji yaliyochanganyika na oili huvunja patano, isipokuwa bei iwe ya gari la kuvunjwa vipuri. Ongeza akiba ya kasoro ambazo hazikuonekana, kisha linganisha jumla yako na bei ya gari jingine la toleo hilo hilo lililotunzwa vizuri. Mara nyingi lile ghali zaidi ndilo linalotoka rahisi.

Ukishalichukua, badilisha oili ya injini, ya giaboksi na ya difu, kulanti na mafuta ya breki, ambayo hunyonya unyevu na kwa kawaida hubadilishwa kila baada ya miaka miwili. Kama hakuna stakabadhi ya mkanda wa taimingi, uhesabu kuwa haujabadilishwa, na usiipandishe injini kwenye mizunguko ya juu kabla haujafungwa mpya.